Samaki Waliokuja na Kidonge

Samaki wa kwanza aliingia kwa mlango wa jikoni, alfajiri, wala hakubisha hodi. Alikuwa kambare, urefu wake mkono mzima wa mtu, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, akapita juu ya meza taratibu kama mtu aendaye zake kazini. Nyumba nzima ilikuwa imejaa maji. Tena maji safi, ya kuona hadi chini, na maji kama hayo huko Delta ya Mississippi hayajawahi kuwapo, maana maji ya kule ni tope tangu Mungu alipoyaumba. Ozella Gaines alikuwa ameketi kitandani humo humo majini, anavuta pumzi bila taabu, gauni la kulalia linamwelea magotini. Yule kambare akaja mpaka usoni pake, akasimama, akachezesha ndevu zake. Halafu akageuka, akatoka kupitia dirishani.

Ozella aliamka anacheka. Bibi wa miaka sabini na mbili, anacheka peke yake kitandani, na mkono wake unapapasa simu kabla ya miwani.

"Verlene! Amka wewe. Nimeota samaki."

Verlene ni mdogo wake, wamekaa mitaa miwili mbali maisha yao yote, na hajawahi kukasirika kuamshwa kwa habari ya namna hiyo. "Bwana asifiwe! Nani?"

"Ndiyo tumtafute sasa."

Aliyekulia kule hahitaji kuelezwa. Mwanamke mzima akiota samaki, kuna mtu ana mimba. Si lazima awe yeye. Anaweza kuwa binti wa dada, jirani, mwimbaji wa kwaya. Wengi huota, na wengi hukosea, wakasema samahani wakaendelea kunywa chai yao baridi. Ozella yeye alikuwa hakosei. Watoto thelathini na tisa alikuwa amewatangaza kabla mama zao hawajakosa hata siku moja ya mwezi, akiwemo yule wa mke wa mchungaji, aliyeapa kwamba ni tumbo la kuharisha mpaka alipotapika mbele za watu kwenye ibada ya Pasaka. Na usimwambie Ozella kwamba aliota samaki kwa kuwazoea, ati kwa sababu alikata vichwa vya kambare kiwandani miaka ishirini na sita. Angekukata na wewe.

"Wa kiwandani wamekufa," alikuwa akisema. "Maiti haleti habari. Mimi wangu yuko hai, yuko peke yake, na maji ni safi. Hapo ndipo nachukua simu."

Basi asubuhi ile aliichukua, akapiga hadi sikio likapata moto. Mtu mmoja alimwacha mwisho makusudi. Huyo ni Delphine, mjukuu wake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Delphine alikuwa na miaka thelathini na minne, karani wa shule, mke wa Cedric fundi matrekta. Mara mbili Ozella alikuwa amemwotea samaki. Mara mbili habari ikatembea kanisa zima kabla ya chakula cha mchana, wanawake wakashona mablanketi, na Mama Earline, mke wa shemasi, akaleta kitanda cha mtoto kimefungwa utepe. Na mara mbili mimba ikatoka, ya pili ikiwa imebakisha siku chache itimize miezi mitatu. Kitanda bado kilikuwa stoo kwa Delphine, na utepe wake.

Ozella hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka, kabla hajazikwa, amwotee Delphine samaki wa tatu, na huyo wa tatu akae.

"Delphine, mama, hujambo?"

"Sijambo, Bibi."

"Nimeota samaki."

Maji yalisikika yakitiririka mahali fulani nyumbani kwa Delphine, kisha bomba likafungwa.

"Si mimi," Delphine akasema.

"Nauliza tu, mwanangu."

"Si mimi, Bibi. Umekunywa dawa yako?"

Sasa hebu niseme habari ya hiyo dawa, maana bila yake hakuna hadithi. Presha kwa akina Gaines ni mali ya urithi kama pua. Kidonge cha kwanza alichopewa Ozella kilimpeleka chooni hadi akajua kila choo kilichopo kati ya nyumbani kwake na kanisani, na kipi mlango wake haufungi. Cha pili kilimpa kikohozi kikavu kisichokwisha, kinamkatiza katikati ya wimbo, kiongozi wa kwaya akamhamishia mstari wa nyuma kwa heshima zote. Halafu asubuhi moja akaamka na midomo imemvimba hata hawezi kuifunga, Cedric akamkimbiza hospitali, na daktari akasema kidonge kile asikiguse tena maisha yake. Mwezi wa Mei ndipo Whitfield, nesi wa zahanati, msichana mwembamba aliyelelewa Memphis, alipomwandikia cha tatu. Kidogo, cheupe, cha duara.

Hiki kilimkubali. Vidole vilimpoa, akawa anavaa soksi kwenye joto la kuyeyusha lami, na akisimama ghafla ukuta ulimzunguka kidogo. Lakini presha ilishuka, na moyo ukatulia. "Moyo wangu siku hizi unatembea kama mtu aliyetoka ibadani," alimwambia Delphine, ambaye kila Jumapili alikuja kumpangia vidonge katika kisanduku chake cha vyumba saba. Kulikuwa na karatasi ndani ya boksi, maandishi madogo kama mayai ya chawa, na humo palikuwa na neno kuhusu ndoto. Nani husoma karatasi zile? Wewe unazisoma?

Baada ya yule samaki wa kwanza, wiki iliyofuata wakaja wawili. Halafu saba. Julai ilipoingia Ozella hakuwa tena na hesabu. Walikuja alfajiri, na mchana pia, akisinzia barazani kwenye kiti chake cha kubembea, na feni ya mkono ya kanisani iko mapajani. Alikuwa akisikia kwanza baridi ya vidole, halafu mwanga unageuka kijani, halafu maji yanapanda ngazi za baraza polepole kwa adabu. Kisha hao. Kambare na sangara, na wengine wenye rangi ambazo hakuwa na majina yake, bluu inayong'aa, nyekundu ya utepe. Walipita katikati ya nguzo. Walizunguka balbu ya barazani wakiitazama. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya marehemu mumewe, Luther, na akainamisha kichwa alipompita, kama alivyofanya Luther mwenyewe siku ile ya kwanza walipokutana nje ya kiwanda. Ozella aliamka kutoka ndoto hiyo machozi yamemjaa, wala hayakuwa ya huzuni.

Na kila alipoamka, alipiga simu.

Jamani, ilikuwa vurugu. Rochelle, binti wa Verlene, alimburuza mwanawe Amari hadi duka la dawa kununua kipimo, msichana wa miaka kumi na saba analia njia nzima: "Mama, mimi hata mvulana wa kunitumia ujumbe sina!" Mwalimu wa shule ya Jumapili akapima mara tatu. Ozella akampigia hata Mama Earline, mwenye miaka hamsini na sita.

"Nani, mimi?" Mama Earline akapiga ukelele. "Ozella, mimi nilifunga duka zamani, hata kibao nimeshang'oa!"

"Sara alikuwa na tisini."

"Sara hakuolewa na Shemasi Stubbs. Yule akivua viatu tu keshalala."

Mwezi ukaisha, hakuna mimba hata moja. Wanawake wakaanza kucheka, kwanza pembeni, halafu mbele yake. Jumapili ya mwisho ya Julai mtu alimwita Mama Bwawa, na kicheko kikapita mstari hadi mstari, viganja na glovu nyeupe vinafunika midomo. Ozella alicheka nao, maana ana meno yake na anajua kuyatumia. Lakini moyoni alichomwa. Alimtupia jicho Delphine, aliyekaa kwenye kona yake ya kawaida, na Delphine alikuwa akicheka pia, anacheka kwa raha ambayo Ozella hakuwa ameiona usoni pake kwa miaka miwili. Hilo lilimuuma zaidi. Mjukuu wake mwenyewe!

Jumatatu alikwenda zahanati kupimwa. Presha ilikuwa nzuri mno hata nesi Whitfield akampigia makofi. Ozella, ambaye mtu akimsifu humwaga kila kitu, akamsimulia samaki wote, pamoja na yule wa kofia.

Whitfield akacheka. "Mama Gaines, hicho ni kidonge."

"Nini ni kidonge?"

"Ndoto. Dawa hii watu wengine huwaletea ndoto kali, za rangi, kama sinema. Ilikuwa kwenye karatasi. Zinakusumbua? Tunaweza kubadilisha."

"Dawa inaleta samaki?"

"Samaki, tembo, chochote ulicho nacho kichwani. Na wewe umefanya kazi kiwandani." Aliyasema kwa upole, anaandika. "Ila sikiliza, usije ukakiacha ghafla. Hata kama kinakuudhi. Ukikiacha ghafla moyo utaruka na presha itapanda kuliko mwanzo. Unanisikia?"

Ozella alisema anasikia. Alirudi nyumbani kwa miguu, pembeni ya mabwawa ya kambare, na mashine za kutia hewa majini zinazunguka, na alitembea kama mtu aliyetoka kuzika. Mama yake alikuwa nacho kipawa hiki, na mama wa mama yake. Leo msichana wa Memphis amekifuta kwa kalamu. Lakini hata hayo angeyameza. Kilichomuuma ni kingine. Ikiwa samaki wote hawa ni wa duka la dawa, basi siku samaki wa Delphine atakapokuja, atamjuaje? Atapita katikati ya hao mia, na yeye Ozella atakuwa amekaa anawatazama wenye rangi. Mtoto atakuja na kuondoka, hakuna aliyemuona.

Basi akaamua. Siku saba tu. Ataacha kidonge siku saba, maji yashuke, yasafike, na akiwa wa kweli yupo, atabaki peke yake, amwone. Halafu atarudia dawa yake, na hakuna atakayejua. Kila asubuhi alitoa kidonge katika chumba chake, Jumanne, Jumatano, akakizamisha ndani ya bati la unga wa mahindi. Pipa la taka Delphine hulichungulia. Bati lile hakuna mkono wowote uliowahi kulifungua zaidi ya mkono wa Ozella mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyo wapishi wa kule. Binti anaweza kurithi nyumba, bati la unga atalisubiri.

Siku ya kwanza maji yalikuja hadi dirishani tu. Siku ya tatu yalifika magotini, na samaki walikuwa watano, wameshapauka. Ozella akafurahi, akasema unaona. Kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini kichwa kimemgonga mara ngapi maishani? Siku ya tano maji yalikuwa ya kulowesha nyayo, na mbali, kule penye jiko, kitu kidogo kilitikisika. Alijaribu kusogea akione. Akaamka moyo unamkimbia kifuani kama kuku anayefukuzwa, akakaa ukingoni mwa kitanda hadi jua likatoka. Siku ya sita hapakuwa na maji kabisa. Nyumba ilikuwa kavu, na kutani kote palikuwa na mistari ya matope, mmoja juu ya mwingine, kuonyesha maji yalikofika. Alitembea chumba hadi chumba anaita, wala hakujua anaita nani.

Jumapili alikwenda kanisani kwa ubishi tu. Aliimba kwa mdomo tu, bila sauti. Waliporudi, Delphine alimtazama mara moja akamvutia kiti.

"Kaa. Leo mkate wa mahindi napika mimi."

"Delphine, usi..."

"Kaa, Bibi. Umekuwa rangi ya majivu."

Ozella akataka kusimama, kizunguzungu kikamrudisha kitini. Akakisikia kifuniko cha bati kikifunguka. Akakisikia kijiko kikizama, kikapata kitu, kikasita. Delphine hakupiga kelele. Aliviokota kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza, vyeupe vimeshika unga wa njano. Vitano, na cha sita cha asubuhi ile ile.

"Bibi," akasema. "Bibi, umefanya nini?"

Ozella akafungua mdomo ajibu, na chumba kikainama upande mmoja.

Alipojijua tena alikuwa hospitali, mchana, pazia jeupe limevutwa nusu, sindano ya maji mkononi. Walisema presha yake ilikuwa mia mbili na nne, na kwamba angechelewa kidogo tu, wasingekuwa wanaongea. Dawa ilikuwa imeanza kuingia. Moyo ulikuwa unapunguza mwendo, hatua kwa hatua, na mwanga wa dirishani ulikuwa na ule ukijani wa pembeni. Delphine alikuwa kitini, bado na nguo za kanisani, unga mkononi.

"Kwa nini?" Delphine akauliza. "Niambie tu kwa nini."

"Nesi aliniambia ni kidonge. Samaki wote." Ulimi wa Ozella ulikuwa mzito. "Nikasema maji yashuke. Nimwone wako. Nilitaka nikuotee wewe, mama. Wa kweli. Niende nikijua."

Delphine alicheka, kicheko kifupi kibaya, halafu akaanza kulia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira.

"Nani alikuomba? Ulishawahi kuniuliza kama nataka kuotewa? Mara ya kwanza niliambiwa na Mama Earline dukani, kwenye foleni, kabla sijamwambia mume wangu. Cedric alijulia kwa kinyozi! Na ilipotoka, Bibi, ile ya pili, nilipigiwa simu arobaini na moja. Nilizihesabu, sikuwa na kazi nyingine. Kila mmoja ananipa pole, kila mmoja analia, na mimi ndiye ninayewabembeleza. Mwaka mzima watu wananisalimia tumbo. Wewe unaota, unafurahi, unapiga simu. Kuzika nazika mimi."

Miaka yote hiyo Ozella hakuwahi kufikiri kwamba habari njema inaweza kumwangukia mtu kama tofali. Aibu ilimpanda hadi masikioni, moto, na akatamani pazia lile limfunike.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

Delphine alijifuta macho kwa mkono wenye unga. Akatazama mlangoni. Akasogeza kiti hadi magoti yake yakagusa kitanda, akainama.

"Nina wiki kumi na moja," akanong'ona.

Maji yalianza kupanda chumbani, au dawa, Ozella hakujua.

"Siku ile uliponipigia asubuhi, ukasema umeota, kipimo kilikuwa kwenye sinki. Bado kimelowa. Nilikuwa nimekiona dakika hiyo hiyo. Nilisimama nacho mkononi nikakudanganya."

"Kwa hiyo yule wa kwanza..."

"Alikuwa wangu. Kipawa chako kizima, Bibi, hakijafa. Mimi nilikuwa nimemwomba Mungu usiote, na wewe ukaota. Nikasema basi, nimekwisha. Nikangoja simu zianze." Sasa Delphine alikuwa anatabasamu na kulia kwa pamoja. "Halafu wakaja wale wengine. Mia. Amari akaburuzwa dukani, Mama Earline akapigiwa simu, kanisa zima likawa linakucheka wewe, hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Kwa mara ya kwanza nilikaa kanisani na tumbo langu kwa amani. Nilikishukuru kile kidonge, Bibi. Wale samaki wamenificha."

Wa kwanza alikuwa wa kweli! Furaha ilimjaa Ozella hadi mashine kando ya kitanda ikalia mara mbili. Na mkono wake wa kulia, mkono ule uliokwisha kutangaza watoto thelathini na tisa, ukatoka chini ya shuka peke yake, ukaenda kwenye meza ndogo, palipokuwa na simu.

Delphine aliuona ukienda. Aliutazama tu, uso umemkauka.

Ozella naye aliuona. Mkono ulikuwa umeshagusa simu. Akauangalia kama mkono wa mtu mwingine, halafu akaurudisha polepole, akauingiza ndani ya shuka, akaukalia. "Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Cedric. Na wewe."

"Basi inatosha."

Jumatano nesi Whitfield alikuja na faili lake na uso wa mtu anayejilaumu. Alisema anasikitika, angepaswa kulichukua suala la ndoto kwa uzito zaidi, ipo dawa nyingine, wangeweza kumhamisha pole pole, kwa usalama, asiote tena.

"Hiki kina ubaya gani mwilini?" Ozella akauliza.

"Hakina. Kimekukubali kuliko vyote. Ni ndoto tu."

"Basi niachie hiki hiki mpaka Februari."

"Kwa nini Februari?"

"Nawapenda samaki," Ozella akasema, na Whitfield akamtazama juu ya miwani, akatikisa kichwa, akaandika.

Nyumbani Delphine alipanga kisanduku, vyumba saba, vidonge saba, akasimama pale mpaka bibi yake akameza cha siku hiyo na kufungua mdomo kuonyesha. Halafu akaenda jikoni. Bati jipya la unga lilikuwa mezani, Ozella mwenyewe amemsukumia, na kwa wanawake wa kule hilo ni jambo kubwa. Delphine alilifungua, akaanza kukoroga. Barazani simu ya Ozella ikalia. Ilikuwa Verlene.

"Dada, nimeambiwa. Umetutisha vibaya wewe! Rochelle amelia mpaka amevimba. Sasa niambie ukweli, mdogo wako nikutunzie siri. Nesi anasema nini kuhusu samaki?"

"Anasema ni kidonge."

"Wote?"

"Wote, Verlene. Iko hata kwenye karatasi yao."

"Lakini yule wa kwanza? Ulisema alikuwa peke yake. Ulisema maji yalikuwa safi. Mimi nilisisimka mwili, nikajua kabisa huyu ni mtu. Nilifikiri labda..." Verlene akashusha sauti. "Nilifikiri labda Delphine, maskini. Na mficha uchi hazai, kama anaficha ungemwambia."

Jikoni kijiko kilikuwa kimesimama. Ozella alifumba macho. Alimwona mama yake, na mama wa mama yake, wamekaa barazani na feni zao wanamngoja aseme.

"Hata wa kwanza," akasema. "Kidonge tu, mdogo wangu. Nilikuwa nimeshaanza kukinywa."

Upande wa pili Verlene akavuta pumzi ndefu yenye machozi. "Basi kimeisha. Kipawa cha mama kimeishia kwetu."

"Kimeisha," Ozella akasema. "Waambie watu wasihangaike tena. Waambie wacheke tu."

Aliiweka simu kifudifudi. Jikoni kijiko kilianza tena kukoroga, na harufu ya mafuta ya moto ikaja hadi barazani. Soksi miguuni, vidole baridi, akaegemeza kichwa. Mwanga ukageuka kijani.

Maji yalipanda ngazi moja, mbili, yakamfika magotini, na ndani yake wakaja wote kwa mpigo, bluu na nyekundu na wasio na majina, yule wa kofia mbele yao, wanasukumana kupita nguzo za baraza. Walikuwa wengi kuliko siku zote. Na katikati yao, chini kabisa, karibu na miguu yake, alikuwapo mdogo mmoja mweusi mgongoni na mweupe tumboni, anaogelea polepole. Ozella alimjua palepale. Alitaka kumtazama kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akawaacha wale wenye rangi wamzunguke mdogo mpaka asionekane, kisha akageuzia uso ukutani.